Santuri Iliyokwama: Maelezo juu ya Mdundo wa Mkato na Mafundi Wawili wa Singeli

Katika njia panda ya Lusahunga, wilayani Biharamulo, barabara iendayo Biharamulo mjini huachana na ile iendayo Ngara na mpaka wa Rusumo. Wasafiri hungoja magari hapo muda mrefu, na wenye vibanda huwaburudisha kwa muziki wa spika. Siku moja nilikaa kwenye benchi la kibanda kimoja pamoja na mzee wa Bugufi aliyekuwa akirudi kwake Ngara. Kijana mwenye kibanda alikuwa akipiga singeli. Mzee alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kwa upole, "Mjukuu wangu, santuri yako imekwama?" Kijana akacheka, akajibu, "Haijakwama, babu. Ndivyo inavyotakiwa."

Swali lile lilikuwa na maana kubwa kuliko kijana alivyodhani. Mzee alikuwa ametambua kwa sikio lake jambo ambalo waandishi wengi wa muziki hulizungukazunguka kwa maneno mengi: kwamba kipande kifupi cha muziki kilikuwa kikirudiwa na kurudiwa pasipo wimbo kwenda mbele. Zama za gramafoni hiyo ilikuwa hitilafu tu. Sindano imenasa katika mfereji mmoja, na mtu hunyanyuka akaisogeza. Katika muziki nitakaoueleza hapa hitilafu hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nataka kumwonyesha msomaji jinsi ilivyopata kuwa kazi, kisha kufuata njia ya mafundi wawili wa Dar es Salaam, Sisso na Maiko, ambao wameishika kwa ustadi mkubwa. Mwisho nitapendekeza neno la Kiswahili la kuitia jina, kwa sababu neno la kigeni linalotumika sasa limekwisha kutupotosha katika kueleza asili ya mambo yetu wenyewe.

Tuanze ng'ambo, maana neno latoka huko. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba la namba 1520 la barabara ya Sedgwick, mtaa wa Bronx katika mji wa New York, palikuwa na dansi ya vijana. Mpiga santuri alikuwa Clive Campbell, mzaliwa wa Jamaika, aliyejulikana kwa jina la Kool Herc. Huyu alikuwa amegundua kwamba wachezaji hawakuupenda wimbo wote sawasawa. Walingoja mahali pamoja, pale waimbaji wanyamazapo, zumari na magitaa yakaacha, ngoma ikabaki peke yake. Hapo ndipo waliporuka uwanjani. Lakini mahali hapo ni pafupi. Mara nyingi ni sekunde chache tu, kisha uimbaji hurudi. Herc alichukua nakala mbili za santuri moja, akaziweka juu ya mashine mbili. Kipande cha ngoma kilipokwisha katika ya kwanza, alikianzisha katika ya pili, na huku akiirudisha ile ya kwanza nyuma kwa mkono. Hivyo sekunde chache zikawa dakika nyingi. Kando yake alisimama mwenziwe, Coke La Rock, akiwaita wachezaji kwa kipaza sauti. Msomaji na aiweke sura hiyo ya watu wawili akilini, kwani itarudi.

Wimbo uliokatwa vipande kuliko karibu nyimbo zote ni "Amen, Brother", uliotolewa mwaka 1969 na kikundi cha The Winstons cha Marekani. Katikati yake mpiga ngoma Gregory Coleman hupiga peke yake hatua nne. Mwendo wake ni mapigo 136 hivi kwa dakika. Hatua nne zina mapigo 16, basi muda wote ni sekunde 7. Kwa hizo sekunde 7 yalitengenezwa maelfu ya nyimbo, na katika Uingereza ya miaka ya 1990 likatoka tawi zima la muziki, jangoli, ambalo liliuharakisha mdundo ule hadi mapigo 160 na zaidi. Coleman hakupata malipo kwa hayo yote, akafa maskini mwaka 2006. Kiongozi wa kikundi, Richard Spencer, naye hakupata kitu hata mwaka 2015, wapenzi wa muziki walipochanga pauni 24,000 wakampelekea kwa hiari yao. Nayataja haya mapema kwa sababu swali la nani alipwe kwa kipande kilichokatwa latuhusu sisi pia.

Huko Uingereza kazi hii ilipenda kufanywa na watu wawili wawili. Mfano mmoja ni Stanton Warriors, yaani Dominic Butler na Mark Yardley, ambao mkusanyo wao wa mwaka 2001, The Stanton Session, uliwapatia sifa. Jina lao, ambalo mtu angedhani ni la mashujaa wa vita, limetokana na maandishi ya vifuniko vya chuma vya mashimo ya mitaro barabarani. Maisha yao ya kazi yalikuwa ya aina moja na ya wenzao wengi: kutengeneza santuri mchana katika chumba cha mitambo, kuzipiga usiku kumbini, kubadili za wengine kwa ombi lao, na kusafiri mji hadi mji. Sitakaa nao zaidi; nimewataja ili ionekane kuwa uwili huo si jambo la nasibu.

Sasa neno lenyewe. Kiingereza hutumia neno moja kwa kuvunjika, kwa mapumziko, na kwa mahali pa ngoma peke yake katika wimbo. Na muziki uliojengwa juu ya mahali hapo vijana wetu huuita brekibiti. Neno hilo latamkika, walakini halimwelezi kitu msikilizaji wa Kiswahili. Je, lugha yetu haikuwa na jina la mahali hapo? Ilikuwa nalo, au karibu. Wanamuziki wa dansi wa Tanzania huiita sehemu ya mwisho ya wimbo, ile ya mbio, chemko, kwa kuwa hapo muziki huchemka. Wakongo wana sebene. Katika chemko, kama katika Bronx, masimulizi ya wimbo huisha na miguu huchukua zamu. Lakini chemko ni ndefu kwa asili yake na huwekwa mwisho kwa makusudi ya watungaji. Kipande cha Herc ni kifupi, kimo katikati, na aliyekitunga hakukusudia kirefushwe. Tofauti hiyo si ndogo, na kwa ajili yake siwezi kulichukua neno chemko, ingawa nalipenda.

Na tuje Dar es Salaam. Singeli ilizaliwa katika mitaa ya Manzese, Tandale, Mburahati na jirani zake, katika miaka ya 2000, ikajulikana nchi nzima katika mwongo uliofuata. Kabla yake palikuwapo mchiriku, muziki wa vijana wa uswahilini uliosimama tangu miaka ya 1990 juu ya ngoma na vinanda vidogo vya Casio vilivyopigwa kupitia vipaza sauti vilivyochakaa, wala ukali wa sauti hiyo haukuhesabiwa kuwa kasoro. Palikuwapo pia taarabu ya kisasa, yenye vinanda vya umeme na mipasho, ambayo haikukosekana harusini. Na palikuwapo vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha, neno lenye shina la godoro, ambazo wakuu wa serikali walizipiga marufuku mara kadhaa kwa sababu ya makelele na mambo yaliyosemwa kuwa ya aibu.

Katika sherehe hizo mpiga muziki alikutana na jambo lile lile alilokutana nalo Herc. Wimbo wa taarabu ni mrefu, na maneno yake hutaka kusikilizwa. Lakini usiku ukishakolea watu hawataki kusikiliza, wataka kucheza. Ndani ya wimbo mna mahali ambapo mwimbaji hunyamaza na kinanda pamoja na ngoma huenda peke yake. Mpiga muziki alikikata kipande hicho, akakizungusha, akakiharakisha, na kijana mwenye kipaza sauti akachana mistari juu yake. Hakuna aliyelazimika kupewa habari za Bronx ili afanye hivyo. Haja ilikuwa moja, na chombo, yaani mtambo unaoweza kurudisha nyuma kilichokwisha pigwa, kilikuwa kimefika. Tofauti kubwa ni kwamba Herc alikuwa na santuri mbili, na huyu alikuwa na kompyuta na programu ya kuchanganyia nyimbo.

Hapa yafaa kueleza juu ya mbio, maana ndiyo inayowashangaza wageni kuliko kitu kingine. Singeli huenda kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mtu aliyepata kuicheza santuri ya mizunguko 33 na theluthi kwa mwendo wa 45 ajua yanayotokea: mwendo huzidi kwa zaidi ya theluthi moja, na sauti nayo hupanda, mwanamume akawa kama mtoto. Katika santuri mambo hayo mawili hayatengani. Kompyuta yaweza kuyatenga, ikaongeza mbio na kuiacha sauti mahali pake, lakini mafundi wengi wa singeli hawakutaka. Sauti nyembamba ya juu wameifanya kuwa rangi ya muziki wao. Fikiri kipande cha mapigo 16: kwa mwendo wa Coleman huchukua sekunde 7, kwa mwendo wa mapigo 240 huchukua 4. Katika sekunde 4 sikio halipati nafasi ya kukifuata kipande kama wimbo. Hukishika kama pigo moja kubwa. Kwa hiyo mzee wa Bugufi alisikia kukwama. Hakukosea.

Miongoni mwa vyumba vya mitambo vilivyoulea muziki huu, kilichosikika mbali zaidi ni Sisso Studios cha Mburahati. Mwenyewe, ambaye ndiye huitwa Sisso, alikusanya vijana kadhaa, baadhi yao mafundi wa midundo, wengine wachanaji. Mwaka 2017 kazi zao zilitolewa kwa mkusanyo ulioitwa Sounds of Sisso na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. (Jina hilo la Kampala humfanya Mswahili atazame chini kwa haya, Waganda hueleza kwamba kwao ni hamu ya ghafla ya kucheza. Mfano mzuri kwa wanaofundisha kuwa lugha ndugu zina mitego yake.) Kabla ya mkusanyo ule singeli ilikuwa ya mtaa, ya redio za Dar es Salaam, na ya simu za mkononi zilizopeana nyimbo. Baada yake ilianza kuandikwa habari zake Ulaya.

Kilichofuata kilikuja kwa haraka. Mwaka 2018 Bamba Pana alitoa Poaa. Mwaka 2019 zilifuatana Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Uingizaji Hewa ya Duke, ambaye chumba chake ni Pamoja Records, na Mateso ya Sisso mwenyewe. Na hapo wawili wawili walitokea tena: Bamba Pana na Makaveli, Duke na MCZO, wakizunguka majukwaa ya Ulaya, mmoja akiwa na mitambo na mwingine na kipaza sauti. Hiyo ni sura ile ile ya Herc na Coke La Rock. Watazamaji wa huko hawakuelewa neno hata moja la mistari iliyochanwa, wakacheza hata hivyo. Jambo la kufurahisha kwa mpiga muziki, na la kusikitisha kidogo kwa mwenye kupenda maneno, kwani mistari ya singeli imejaa vijembe, dua na simulizi za shida za mjini.

Sisso na Maiko ni wawili wa namna nyingine. Hawa wote ni mafundi. Hakuna mchanaji baina yao. Sisso hushika kompyuta ya mpakato, akavipiga vitufe vyake kama mtu apigaye ngoma, akianzisha vipande, akivikata kabla havijaisha na kuvirudisha mwanzo. Maiko hushika kinanda, akapiga juu ya vipande hivyo kwa vidole, hapo hapo, kwa mbio ile ile. Mwaka 2024 walitoa pamoja Singeli Ya Maajabu, tena kwa Nyege Nyege Tapes. Ukiisikiliza kwa makini utaona jambo ambalo halikuwapo katika siku za kwanza za vigodoro: kipande kinachozungushwa si lazima kiwe kimekatwa katika wimbo wa mtu mwingine. Kinanda chaweza kukizaa papo hapo. Mtindo wa mkato umebaki, kilichokatwa kimebadilika. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa katika safari yao, kuliko majukwaa ya ng'ambo, ingawa majukwaa ndiyo yaandikwayo magazetini.

Kwa nini wawe wawili? Nilipokuwa nikiyawaza haya nilirudi kwa yule mzee na benchi la Lusahunga. Bugufi, sehemu ya Ngara ya leo, zamani ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi, na Kihangaza kinachosemwa huko ni ndugu wa karibu wa Kirundi. Katika Kirundi neno ingoma ni ngoma ya kupigwa na tena ni ufalme wenyewe. Mti unaochongwa ngoma huitwa umuvugangoma, yaani mti uifanyao ngoma iseme. Katika upigaji wa ngoma za kifalme za Burundi, ambao UNESCO iliutia katika orodha yake ya urithi mwaka 2014, kazi imegawanywa waziwazi. Ziko ngoma ziitwazo amashakwe, ambazo hushika mdundo mmoja usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Iko inkiranya, ngoma ya katikati, ambayo huongoza. Na ziko ibishikiso, ambazo huifuata inkiranya iendako. Wapigaji hupokezana hapo katikati. Aliyetoka hurudi pembeni.

Sisemi kwamba singeli ilitoka Burundi au Bugufi. Hakuna dalili ya hayo, na wanaopenda kuunganisha kila kitu cha Afrika kwa kamba moja hutuharibia kazi. Nasema tu kwamba mtu aliyelelewa na amashakwe masikioni ana kipimo cha kuelewa anachofanya Sisso na anachofanya Maiko. Kitu kisichobadilika chahitaji mkono wake, na kitu kinachopotoka juu yake chahitaji mkono wake. Mtu mmoja aweza kuyafanya yote mawili kwa mtambo, na wengi hufanya. Lakini anapokuwa peke yake, anayekatiza na anayekatizwa ni yule yule, na hakuna wa kushtukizana naye. Nilipomweleza mzee hivyo kwa maneno mepesi, alisema, "Kumbe wana amashakwe yao." Kisha akaongeza kwamba wa katikati amepungukiwa heshima, kwani hasimami mahali pa kuonekana. Hilo sikuweza kumjibu.

Waandishi wa ng'ambo, walipoisikia singeli, waliifananisha na muziki wa mbio wa Uholanzi na wa Uingereza, na wengine wakaiita brekibiti ya Afrika. Hawakuwa na nia mbaya. Kila mtu hupima kwa pishi ya kwao. Lakini jina hubeba nasaba. Ukisema brekibiti ya Afrika, msomaji ataelewa kuwa kitu kimeletwa kutoka huko kikapakwa rangi hapa, na taarabu, mchiriku na vigodoro vitatoweka katika maelezo. Tena huondoa deni. Vipande vya kwanza vya singeli vilikatwa katika kazi za wapiga vinanda wa taarabu, kama vile vya jangoli vilivyokatwa katika ngoma ya Coleman. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na neno hakishiriki liliundwa kwa ajili ya watu kama hao hasa, wapigaji ambao si watungaji lakini sauti yao ndiyo iliyochukuliwa. Wapiga vinanda hao hawatatajwa ikiwa historia itaanza na neno lisilowajua.

Neno ninalopendekeza ni mkato. Katika wimbo, ni pale uimbaji unapokatwa na ngoma kubaki peke yake. Katika chumba cha mitambo, ni kile kipande kinachokatwa na fundi kwa ajili ya kuzungushwa. Maana zote mbili zatoka katika kitenzi kimoja, wala hazigombani, kwani kinachokatwa na fundi ni kile kilichokwisha katwa na mwimbaji. Wachezaji nao hukata mauno. Kipingamizi ni kwamba mkato tayari watumika katika uandishi kwa alama ya kituo kidogo, na katika usemi wa njia ya mkato. Lakini neno lenye maana tatu si mzigo kwa lugha iliyolizoea neno ngoma lenye maana ya chombo, mchezo na sherehe. Kwa kitendo cha kurudiarudia ningebaki na kuzungusha, kwa kuwa santuri huzunguka na vijana wameshalitumia. Kuchana tusiliguse, limekwisha kukaa.

Katika kamusi, basi, ningeliandika hivi: mkato, mi-, (muziki) sehemu fupi ya wimbo ambapo sauti za waimbaji huacha na ngoma au kinanda kuendelea peke yake, kipande hicho kikishatolewa katika wimbo na kuzungushwa na fundi. Mdundo wa mkato, muziki uliojengwa juu ya vipande hivyo. Na kwa mfano wa matumizi: Sisso alizungusha mkato, Maiko akaujibu kwa kinanda.